Sauti za filamu za karate, kutoka Hong Kong hadi Butembo

Watoto wa Butembo na Beni, kaeni vizuri niwasimulie habari za filamu za karate. Najua mnazipenda. Najua pia kuna wakubwa wanaowaambia kwamba ni kupoteza muda. Sikilizeni kwanza, kisha mtaamua wenyewe.

Washington, mji mkuu wa Marekani, kuna jumba la makumbusho liitwalo Freer Gallery of Art. Humo mmehifadhiwa vyungu vya kale na michoro ya Wachina na Wajapani, vitu ambavyo mgeni hutazama bila kugusa. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1990, jumba hilo limekuwa likiandaa tamasha la filamu za Hong Kong katika majira yao ya joto, miezi ileile ambayo ninyi huwa kwenye likizo kubwa. Watu huingia bure. Na miongoni mwa filamu zinazoonyeshwa zimo zile za ngumi na mateke ambazo baba na wajomba zenu walizitazama katika vyumba vya video, wamebanana kwenye mabenchi huku jenereta ikinguruma nje.

Kwa nini filamu hizo ziwekwe pamoja na vyungu vya kale? Tuchukue moja tuitazame.

Mwaka 1971 ilitoka The Big Boss. Stelingi wake ni Bruce Lee, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1940 na kulelewa Hong Kong. Humo yeye ni kijana maskini aliyetoka China kwenda Thailand kutafuta kazi, akaipata katika kiwanda cha barafu walimo binamu zake. Shingoni amevaa kidani cha kumkumbusha ahadi aliyompa mama yake: hatapigana. Binamu zake wanaanza kutoweka, kwa kuwa wamegundua kwamba ndani ya mapande ya barafu mmefichwa dawa za kulevya. Vurugu zinazuka, wenzake wanapigwa, naye anajizuia. Watazamaji wanamngoja. Kisha katika purukushani kidani kinakatika, na hapo ndipo ngumi zinapoanza. Kijana wa kijijini aliyekuja Butembo kubeba mizigo sokoni hahitaji kuelezwa hadithi hiyo. Anaijua. Bruce Lee alifariki Julai 1973 akiwa na miaka 32, lakini kijana yule wa kiwanda cha barafu bado anazunguka dunia.

Sasa tuje kwenye lugha. Wenyeji wa Hong Kong husema Kikantoni, lugha ya kusini mwa China. Ndiyo lugha ya asili ya Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wa Butembo wamekuwa wakiuendea kwa miaka mingi kununua bidhaa, zikapakiwa kwenye makontena hadi Mombasa, kisha zikaletwa kwa barabara kupitia Kasindi na Beni. Lugha ya serikali ya China ni Kimandarini. Anayejua moja tu haelewi nyingine kwa kuisikia, kama vile anayejua Kinande tu asivyoelewa Kilingala.

Katika miaka ya 1960, kampuni kubwa ya Shaw Brothers pale Hong Kong ilitengeneza filamu zake nyingi kwa Kimandarini ili ziuzike Taiwan na nchi nyingine za Asia. Filamu za Kikantoni zikapungua, na kufikia mwaka 1972 zilikuwa karibu kwisha. Mwaka uliofuata ikatoka The House of 72 Tenants, filamu ya kuchekesha kuhusu wapangaji maskini wanaosongamana katika nyumba moja na kuteswa na mwenye nyumba. Ilisema Kikantoni. Watu wa Hong Kong walifurika kuitazama, na pale mjini ikaingiza fedha nyingi kuliko hata Enter the Dragon ya Bruce Lee, iliyotoka mwaka huohuo. Watu walikuwa na kiu ya kucheka kwa lugha ya nyumbani.

Nanyi jueni siri moja ya kutengeneza filamu hizo. Zamani, filamu nyingi za Hong Kong zilipigwa bila kurekodi sauti. Waigizaji walipigana na kusema mbele ya kamera, kisha watu wengine wakaketi studio, wakatazama picha na kutia maneno, vilio na vishindo vya ngumi. Mara nyingi hata sauti ya stelingi haikuwa yake. Ndiyo maana filamu moja iliweza kusema Kikantoni hapa, Kimandarini pale, na Kiingereza au Kifaransa ilipovuka bahari.

Filamu hizo zilipofika Afrika Mashariki, kazi hiyo ya kutia sauti iliendelea. Tanzania alikuwepo Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyetafsiri filamu kwa Kiswahili. Kenya yupo DJ Afro. Uganda watafsiri huitwa VJ. Mtafsiri hupunguza sauti ya filamu, hushika kipaza sauti na kusimulia: huwapa wahusika majina ya mtaani, humwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma yake, hueleza desturi ambayo mtazamaji haifahamu. Ngumi ikitua, anayeipa uzito ni yeye. Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu yake Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, kwa fedha kidogo sana. Humo mna mpiganaji wa kung fu aitwaye Bruce U, na sauti ya mtafsiri VJ Emmie imeunganishwa na filamu yenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Hapa nataka mnisikilize kwa makini, hasa ninyi wa Beni, mliozaliwa na kukua usiku ukiwa na hofu. Vita vya filamu na vita vya kweli ni vitu viwili tofauti kabisa. Mchukueni Jackie Chan, stelingi mwingine wa filamu hizi: alilelewa tangu utotoni katika shule ya opera ya Kichina mjini Hong Kong, akafundishwa kuimba, kuruka na kupiga sarakasi pamoja na Sammo Hung na Yuen Biao. Mwaka 1983, katika Project A, ananing'inia kwenye saa ya mnara, kisha anaachia. Anaangukia turubai la kwanza, linachanika. Anaangukia la pili, nalo linachanika. Anafika chini kwa kishindo. Nyuma ya dakika hiyo kuna miaka ya mazoezi, na kuna wenzake waliopanga kila hatua ili asife. Mwenye kuwapa watoto silaha halisi hapangi lolote ili mtoto arudi nyumbani. Mkitazama filamu, pendeni ule ustadi, na msiruhusu mtu yeyote awadanganye kwamba vita ni mchezo.

Basi makumbusho huonyesha filamu hizi kwa sababu ndani yake mna kazi ya mikono, miili na sauti za watu, na watu wengi mno walizipenda. Sisi pia tuna sehemu yetu katika kazi hiyo, na hakuna wa kutuhifadhia tukiiacha ipotee. Kwa hiyo nawapeni kazi ya likizo kubwa. Waulizeni wazee: vyumba vya video vilikuwa mtaa gani? Kiingilio kilikuwa franka ngapi? Nani alikuwa akitafsiri, na kwa lugha gani? Andikeni majibu kwenye daftari pamoja na tarehe. Kisha chagueni filamu moja, punguzeni sauti, mtie sauti zenu kwa Kinande au Kiswahili, mmoja stelingi, mwingine adui, mwingine msimulizi. Siku Butembo au Beni itakapoandaa tamasha lake la filamu, waandaaji watawahitaji watu wanaojua historia hii na wenye sauti zilizozoea kazi. Wawakute ninyi mko tayari.