Uvimbe kwa Mtoto Mdogo: Usikisie, Mpeleke Akapimwe

Mzazi anapomwogesha mwanawe na kugusa kinundu laini pajani au mgongoni, wazo la kwanza huwa saratani. Si kila uvimbe ni saratani, lakini kila uvimbe unafaa kupimwa.

Lipoblastoma ni nini?

Ni uvimbe wa nadra wa seli za mafuta ambazo hazijakomaa. Huwapata hasa watoto walio chini ya miaka 3, wavulana zaidi ya wasichana. Si saratani, wala hausambai mwilini. Kwa kawaida hauumi, ila unaweza kukua haraka na kubana neva au njia ya hewa.

Kwa nini upimwe?

Kwa macho na vidole pekee hauwezi kutofautishwa na uvimbe hatari. Ukanda wetu wa Ziwa Victoria una saratani ya Burkitt, ambayo huvimbisha taya au tumbo la mtoto na huweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Mara nyingi hutibika kwa dawa mtoto akiwahishwa.

Hatua za uchunguzi

1. Daktari hupapasa uvimbe na kuuliza ulianza lini na umekua kwa kasi gani.
2. Ultrasaundi huonyesha kama ndani mna maji au nyama. Haina maumivu wala mionzi.
3. Picha ya MRI huonyesha kina chake na ukaribu wake na neva. Mtoto mdogo huenda akapewa dawa ya usingizi ili atulie.
4. Kipande cha uvimbe huchunguzwa maabara kwa hadubini. Hapa ndipo jibu la hakika hupatikana.

Tiba ni upasuaji wa kuuondoa wote. Sehemu ikibaki, huweza kumea tena, hivyo usiache kliniki hata kidonda kikipona.

Wakazi wa Obunga wafanye nini?

• Mwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako au nenda zahanati iliyo karibu, ukiwa na kijitabu cha kliniki cha mtoto. Ikihitajika, utapewa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga.
• Usiukande, usiuchanje wala kuutoboa.
• Sajili familia yako kwa SHA kupitia *147# kabla ya ugonjwa kuja.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona uvimbe unakua kila siku, meno yanalegea, au mtoto anapumua kwa shida.