Ubudha na mapenzi ya jinsia moja: Neno moja na mzigo wake (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulianza na maisha ya Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake humwita Budha, yaani aliyeamka. Tuliona kwamba Mbudha asiye mtawa hujifunga kwa ahadi tano: asiue, asiibe, asifanye uasherati, asiseme uongo, na aepuke ulevi. Leo tunaichukua ile ahadi ya tatu, kwa sababu ndiyo inayozua swali kubwa: je, mapenzi ya watu wa jinsia moja yamo ndani yake?

Wapo wanaojibu upesi kwamba Budha aliyakataza, na wapo wanaojibu upesi vilevile kwamba aliyaruhusu. Naomba msomaji atulie nami kidogo. Kabla ya kutamka kwamba dini fulani inasema hivi au vile, ni haki tuulize neno lilisemwa na nani, liliambiwa nani, na lilibeba maana gani siku lilipotamkwa. Tusipouliza hayo, tunaweza kumhukumu mtu kwa kosa la mfasiri.

Katika hotuba za kale zilizohifadhiwa kwa lugha ya Kipali, uasherati umefafanuliwa kwa orodha. Mwanamume asimwendee mwanamke aliye chini ya ulinzi wa mama, wa baba, wa kaka, wa dada au wa jamaa zake. Asimwendee mwenye mume. Asimwendee hata yule aliyekwisha kuvikwa shada la maua kuwa dalili ya kuposwa. Msomaji wa kwetu ataielewa orodha hii bila mkalimani: kinacholindwa ni heshima ya nyumba za watu, na kosa lenyewe ni kuvunja amana. Wanaume wawili hawakutajwa, wala wanawake wawili. Kimya hicho kisigeuzwe kuwa ruhusa, lakini pia kisijazwe katazo ambalo halimo.

Kwa watawa mambo ni mengine. Mtawa wa kiume wa madhehebu ya Theravada ana kanuni 227, na wa kike ana 311. Kanuni ya kwanza kabisa inahusu tendo la ndoa, na masimulizi yanaeleza ilivyozaliwa. Kijana mmoja wa ukoo tajiri, Sudinna, aliacha mke na mali akaingia utawani. Mama yake akamlilia: ukoo huu utabaki bila mrithi? Sudinna akalegea, akamrudia mkewe. Budha alipopata habari, akaweka kanuni kwamba mtawa akifanya tendo hilo, utawa wake umekwisha. Baadaye ikafafanuliwa zaidi: awe amelifanya na mwanamke, na mwanamume, au hata na mnyama, hukumu ni ile ile. Tuangalie kosa lililoizaa kanuni hii. Lilikuwa la mtu na mke wake wa halali. Mtawa aliahidi kuiacha tamaa yenyewe, na tamaa haipimwi kwa jinsia ya mwenzi wake.

Sasa twende mlangoni pa utawa. Siku kijana anapoomba kupokewa, hutengwa kando ya jopo la wazee, bakuli lake la sadaka likiwa limening'inia kwa mkanda, akaulizwa maswali kwa Kipali. Anaulizwa kama ana ukoma, majipu, ukurutu, kifua kikuu au kifafa. Anaulizwa kama ni binadamu, kama ni mwanamume, kama ni mtu huru, kama hana deni, kama si askari wa mfalme, kama wazazi wake wameridhia, kama ametimiza miaka 20, na kama bakuli na majoho yake yametimia. Swali la ubinadamu lina kisa chake: inasimuliwa kwamba naga, nyoka mwenye uwezo wa kujigeuza, aliwahi kuingia utawani kwa umbo la mtu. Mpaka leo kule Thailand kijana anayesubiri kupokewa huitwa nak, yaani yule yule naga.

Swali la uanaume nalo linakwenda sambamba na kisa kingine, na hapa ndipo mzozo wetu ulipoanzia. Mtu aliyeitwa pandaka alipokewa utawani. Akawafuata watawa vijana akiwataka kimwili, wakamfukuza. Akawafuata wanagenzi, nao wakamfukuza. Mwishowe akaenda kwa watunza tembo na farasi, nao wakakubali, kisha wakatangaza mjini kwamba watawa wote ndivyo walivyo. Jina la jumuiya likachafuka. Budha akaamuru kwamba pandaka asipokewe tena.

Basi pandaka ni nani? Vitabu vingi vya kisasa vimelitafsiri neno hili kuwa shoga, na tafsiri hiyo imekuwa msingi wa hoja nzito. Lakini Buddhaghosa, mfasiri mkubwa wa karne ya 5, alitaja aina tano za pandaka. Yumo anayetuliza tamaa yake kwa kinywa, na yumo anayeituliza kwa kuwatazama wengine. Yumo towashi, yumo ambaye hali yake huja nusu ya mwezi na kuondoka nusu nyingine, na yumo aliyezaliwa bila jinsia inayotambulika. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati ya kulielewa jambo hili kuliko wengi, kwa kuwa tuna neno hanithi. Hanithi ni nani? Mmoja atakuambia ni mume asiyeweza kazi ya unyumba. Mwingine atakuambia ni mwanamume mwenye mwendo wa kike, na wa tatu atakuambia ni mwanamume anayelala na wanaume. Neno moja, watu watatu. Na neno shoga lenyewe, ambalo bibi zetu wa Pwani waliitana kwa upendo barazani, limehama mpaka likawa tusi. Mgeni akiyatafsiri maneno haya kwa kamusi ndogo, atatuelewa visivyo. Ndivyo na pandaka: neno lililokusanya upungufu wa mwili, jinsia isiyo bayana na tamaa isiyodhibitiwa haliwezi kusimama badala ya kila mtu anayempenda wa jinsia yake.

Kitabu cha kanuni za watawa chenye kisa hicho cha pandaka kina kisa kingine ambacho hutajwa mara chache. Mtawa mmoja wa kiume aligeuka akawa na alama za kike. Budha hakumfukuza. Aliagiza ahesabiwe miongoni mwa watawa wa kike, na miaka yake ya utawa isipotee. Mtawa wa kike alipogeuka kuwa mwanamume, agizo likawa vivyo hivyo. Kwa maana hiyo, kubadilika kwa mwili hakukuvunja ahadi ya mtu. Ahadi ilivunjwa na tendo.

Makatazo ya wazi yalikuja baadaye. Mwanachuoni Vasubandhu wa India, takriban karne ya 4 au ya 5, alipanua maana ya uasherati ikajumuisha kiungo kisichofaa, mahali pasipofaa na wakati usiofaa. Orodha hiyo humbana hata mume kwa mkewe. Tsongkhapa wa Tibet, aliyefariki mwaka 1419, aliendeleza mkondo huo. Ndiyo maana Dalai Lama, alipokutana na mashoga na wasagaji wa Kibudha mjini San Francisco mwezi Juni 1997, aliwaambia kwamba kwa mapokeo yake tendo la watu wa jinsia moja huhesabiwa kosa kwa Mbudha. Hapo hapo alipinga ukatili na ubaguzi dhidi yao, akasema pia kwamba hana mamlaka ya kuyageuza mapokeo peke yake, kwani hilo lingehitaji maafikiano ya wazee wa madhehebu. Maneno hayo ni ya mtu anayejua tofauti ya sauti ya mwanzilishi na sauti ya wafafanuzi.

Na serikali je? Nchini Taiwan, mwezi Agosti 2012, mtawa wa kike Shih Chao-hwei alifungisha ndoa ya Kibudha ya wanawake wawili. Sheria ya ndoa za jinsia moja ikaanza kutumika huko tarehe 24 Mei 2019, siku ile ile Mahakama Kuu ya Kenya ilipokataa ombi la kufuta kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika kuharamisha tendo la watu wa jinsia moja. Nchini Thailand, ambako zaidi ya asilimia 90 ni Wabudha, sheria kama hiyo ilianza tarehe 23 Januari 2025. Lakini Sri Lanka, nchi nyingine yenye Wabudha wengi, ina makatazo ya namna hiyo katika kifungu cha 365 na cha 365A vya kanuni ambayo Waingereza waliitunga mwaka 1883. Vifungu hivyo ni ndugu wa kifungu cha 162 cha Kenya na cha 154 cha Tanzania: vyote vilitoka kalamu moja ya mkoloni. Hata hivyo haki inanilazimu niongeze kwamba mwaka 1995 Bunge la Sri Lanka lenyewe, likiwa huru, lilikipanua kifungu cha 365A kikawagusa na wanawake. Wabudha wale wale, vitabu vile vile, na maamuzi yanayopingana.

Simwambii msomaji aamini nini kuhusu mapenzi ya jinsia moja. Kila mmoja wetu ana dini yake na dhamiri yake. Ninachoomba ni uaminifu tunaposoma dini ya mwenzetu. Yule pandaka alizuiwa mlangoni kwa jina ambalo hata wafasiri wake hawakukubaliana maana yake, ilhali yule mtawa aliyegeuka mwanamke alipitishwa pamoja na miaka yake yote ya utawa. Visa hivi viwili vimo katika kitabu kimoja. Anayenukuu kimoja na kukificha cha pili hajasema uongo kwa neno, lakini amesema uongo kwa kimya.

Juma lijalo: mahekalu ya Japani ya zamani, na yaliyowashtua wamisionari Wajesuiti waliofika huko mwaka 1549.