BUNDUKI ISIYOTAFUTA MTU



Juma lililopita katika internati kulikuwa mabishano. Mdogo wetu wa darasa la pili alisema kupiga shabaha si mchezo, ni kazi ya askari tu. Wengine wakamcheka, wengine wakanyamaza. Nilifahamu sababu ya kunyamaza kwao. Huku kwetu mtu akisikia neno bunduki, anakumbuka kukimbia usiku na mtoto mgongoni. Lakini swali ni la kweli, inafaa tulijibu.

Kwanza tuelewe mchezo wenyewe. Bunduki hiyo inasukuma risasi kwa nguvu ya hewa, hakuna baruti. Risasi ina upana wa milimita 4,5 tu. Mpigaji anasimama meta 10 mbele ya shabaha. Mutasema ni karibu sana. Ngojeni kwanza! Alama ya 10, pale katikati, ni nukta ya nusu milimita, sawa vile nukta ya kalamu yako. Tena bunduki inaweza kufika kilo 5 na nusu, na mtu anaishika kwa kusimama, bila kuegemea kitu. Anapiga mara 60 kwa saa moja na dakika 15. Kila risasi inahesabiwa mpaka sehemu ya kumi; iliyo bora kabisa ni 10,9. Wanane wa kwanza wanaingia fainali.

Sasa tuangalie vijana. Katika Michezo ya Olimpiki ya 2024, mashindano ya shabaha yalifanyika Châteauroux, kusini ya Paris. Tarehe 27 mwezi wa saba, medali ya dhahabu ya kwanza ya Michezo yote ilichukuliwa na wawili wa China: Huang Yuting, miaka 17, na Sheng Lihao, miaka 19. Waliwashinda wenzao wa Korea ya Kusini 16 kwa 12.

Kisha siku mbili, Huang akakutana na Mkorea mwingine, Ban Hyo-jin, mwenye miaka 16. Huyu alianza kupiga shabaha 2021 tu, kwa kuvutwa na rafiki yake wa shule. Katika mzunguko wa kwanza alipata 634,5, na hakuna mwanamke aliyewahi kufika pale katika Olimpiki. Katika fainali alikuwa mbele, lakini risasi zake za mwisho zikalegea. Baada ya risasi 24 wote wawili walikuwa na 251,8. Ikabaki risasi moja tu. Huang: 10,3. Ban: 10,4. Sehemu moja ya kumi ndiyo iliyotoa dhahabu! Timu ya shabaha ya Korea ikarudi nyumbani na dhahabu 3 na feza 3.

Wanafanya namna gani? Hata pigo la moyo linatikisa bunduki. Basi wanapumua polepole, wanatuliza mwili, na kidole kinavuta bila haraka. Tena kuko jambo lingine gumu zaidi: risasi mbaya ikiisha kutoka, imeisha. Ban angeendelea kulilia zile zilizolegea, ile ya mwisho ingepotea vilevile.

Hapo mimi nilijiona. Mwaka jana katika ekzameni ya hesabu nilikosa swali la kwanza, nikakasirika, na hasira ikanikosesha mengine matatu niliyoyajua vizuri. Mwaka huu sisi wa darasa la sita tunangojewa na ekzameni ya Leta. Swali likikushinda, weka kalamu chini, pumua, kisha anza linalofuata kama ndilo la kwanza.

Kwa mdogo wetu ninajibu hivi: ndiyo, ni mchezo. Mimi bado siipendi bunduki, na sitamlazimisha mtu kuipenda. Lakini ile ya Châteauroux hakuna mtu aliyeikimbia.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita