Amri ya Kubomoa na Wajibu wa Askari

Ni kazi chache zinazomweka askari katika mtihani mkubwa kama kusimamia ubomoaji wa nyumba za raia. Mbele yake wamesimama watu waliobeba magodoro na vyombo vyao. Nyuma yake linanguruma tingatinga. Na mkononi mwa mkubwa wake imo karatasi ya amri. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa wasomaji wetu walio katika majeshi na polisi waelezwe sheria inavyosema juu ya jambo hilo.

Tuanzie magharibi ya Rwanda. Gitambi ni mojawapo ya sekta za Wilaya ya Rusizi, katika eneo lililokuwa Mkoa wa Cyangugu hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Mwenye nyumba wa huko hulindwa na Katiba ile ile inayomlinda tajiri wa Kigali: mali ya mtu haiguswi ila kwa manufaa ya umma na kwa kufuata sheria. Sheria ya mwaka 2015 ya kutwaa mali kwa manufaa ya umma iliweka utaratibu ulio wazi. Mali hufanyiwa tathmini. Mwenye mali asiyeridhika aweza kumleta mthamini wake. Na wasipoafikiana, shauri huenda mahakamani. Fidia yapaswa kulipwa katika muda usiozidi siku 120 tangu kuidhinishwa, na huongezwa asilimia 5 kwa ajili ya usumbufu.

Kesi ya Mitumba

Lakini yawaje pale tingatinga linapomtangulia hakimu? Jibu tunalipata Nairobi, katika kijiji cha Mitumba kilichokuwa karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson. Mnamo Septemba 1991 au 2011, mwananchi wa kawaida angeuliza swali lile lile: nani asikilizwe kwanza? Mwezi Septemba 2011 wakazi walipewa notisi ya siku 7 tu wahame. Chama chao, Mitu-Bell, kilikwenda Mahakama Kuu, nayo ikatoa zuio la muda. Hata hivyo, mwezi Novemba mwaka huo huo kijiji kilibomolewa hali zuio lingalipo.

Serikali nayo ilikuwa na hoja yake: ardhi ni ya umma, na makazi yaliyo jirani na njia ya ndege ni hatari kwa usalama. Hoja hiyo si ndogo. Ila mahali pa kuipima palikuwa mbele ya jaji, na jaji alikuwa hajamaliza kusikiliza.

Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliwapa wakazi ushindi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Hatimaye, tarehe 11 Januari 2021, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba wasio na ardhi wanapojenga makazi katika ardhi ya umma hawapati hatimiliki, lakini wanayo haki ya makazi inayostahili kulindwa. Shauri likarudishwa Mahakama Kuu ili nafuu ya wakazi ipangwe. Zaidi ya miaka 9 ilikwisha kupita tangu nyumba zianguke. Ukuta hubomolewa kwa saa moja. Haki ya aliyebomolewa huweza kutafutwa muongo mzima.

Tanzania nayo ina funzo lake. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba haifai kutwaliwa pasipo fidia ya haki wala kumfungia mwananchi njia ya mahakama.

Yampasayo askari

Kenya ilirekebisha sheria zake za ardhi mwaka 2016, ikaandika wazi namna ya kuwaondoa watu. Wanaoshiriki katika kazi hiyo wajitambulishe na waonyeshe idhini rasmi. Maofisa wa Serikali wawepo watu wengi wanapoondolewa. Utu wa raia uheshimiwe. Watoto, wazee na walemavu waangaliwe. Mali iliyobaki ilindwe dhidi ya uharibifu na wizi. Nguvu itumike kwa kiasi tu. Na mwenye nyumba apewe kwanza nafasi ya kubomoa mwenyewe. Miongozo ya Umoja wa Mataifa huongeza kwamba watu wasiondolewe usiku wala katika hali mbaya ya hewa.

Wako watakaosema kwamba askari hutii, hachagui. Ni kweli, nidhamu ndiyo uti wa mgongo wa jeshi. Lakini zuio la mahakama nalo ni amri ya dola, na askari hana mamlaka ya kulitangua. Mwananchi anapomwonyesha karatasi yenye muhuri wa mahakama, yampasa aipeleke kwa mkubwa wake mara moja kabla jiwe la kwanza halijaanguka. Kufanya hivyo si uasi; ni kuitii sheria iliyompa sare.

Barabara zitajengwa, viwanja vitapanuliwa, na nyumba nyingine zitabomolewa kwa haki. Tunachowaomba askari wetu ni kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika, sheria imetangulia na tingatinga linafuata nyuma.