Meza Moja, Daftari Moja, Simu Moja: Kupanga Kazi ya Ushonaji Nyumbani

Akina mama wengi, na wanaume pia, hushona nguo nyumbani. Chumba ni cha futi 10 kwa 10. Kitanda kiko hapo, jiko liko hapo, watoto wanafanya kazi ya shule hapo, na cherehani iko hapo hapo. Januari ikikaribia, oda za sare za shule huja zote kwa pamoja, na hapo ndipo shida huanza. Mkasi hauonekani. Vipimo viliandikwa kwenye kipande cha gazeti, na mtoto amekiwashia moto. Mzazi anasema alilipa shilingi 500, fundi anakumbuka 300. Mteja anaondoka na hasira, na mwaka ujao atapeleka kitambaa kwa fundi mwingine.

Mambo yakifika hapo, wengi hufikiri dawa ni kununua. Mmoja anakopa achukue mashine ya umeme, mwingine anataka kompyuta ya mitumba. Lakini mashine mpya haitatafuta mkasi uliopotea, wala haitakumbuka nani alilipa nini. Kabla ya kuingia deni, ndugu msomaji, tuangalie vile vitu ambavyo tayari viko nyumbani: meza, daftari na simu.

Kwanza, jua unapotezea wakati wapi

Chukua kipande cha katoni, ukining'inize ukutani karibu na cherehani. Kwa siku 3, kila unaposimama kutafuta kitu, weka alama na uandike ni kitu gani: mkasi, chaki, vifungo, simu, kitambaa cha fulani. Siku ya nne soma alama hizo. Kile chenye alama nyingi ndicho cha kupangiwa mahali kwanza. Usianze kupanga chumba chote kwa siku moja, utachoka na kuacha.

Meza na mwanga

Sogeza cherehani karibu na dirisha au mlango. Ikiwa unatumia mkono wa kulia, mwanga uingie kutoka upande wa kushoto ili mkono usitie kivuli unapofanya kazi. Cherehani ya kukanyaga haihitaji umeme, basi kazi inayotaka macho makali, kama vitundu vya vifungo na zipu, ifanye mchana. Jioni fanya zile nyepesi, kama kutoa nyuzi na kukunja.

Pigilia misumari 3 ukutani, mkono unapofika ukiwa umekaa. Mmoja ni wa mkasi, mmoja wa tepu, mmoja wa daftari. Mikebe mitupu ya majani chai au ya maziwa ya unga inatosha kwa vifungo, sindano na chaki. Ukiwa na pasi ya makaa, iweke mbali na vitambaa na watoto, na uache dirisha wazi, kwa sababu moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika.

Kila kazi iwe na nambari

Hii ndiyo siri ya mpango wote. Mteja akileta kazi, mpe nambari. Tuseme ni 14. Andika 14 kwenye karatasi ndogo na uibane kwa pini kwenye kitambaa. Katika daftari, mstari wa 14 uwe na jina, vipimo, bei, pesa aliyoacha, baki, na siku ya kuchukua. Katika simu, hifadhi nambari ya mteja kwa jina "Sare 14".

Sasa kitambaa, daftari na simu vinazungumza lugha moja. Mteja akipiga simu, unaona "Sare 14" kabla hujapokea. Unafungua mstari wa 14 na kumjibu papo hapo. Hakuna kufungua mifuko yote.

Simu ifanye kazi gani

Hata ile simu ndogo tunayoita kabambe au mulika mwizi ina saa ya kuamsha, kikokotoo na mahali pa kuhifadhi majina. Tega kengele siku 2 kabla ya siku ya kuchukua nguo, si asubuhi ile ile. Piga hesabu ya bei kwa kikokotoo mbele ya mteja, naye aone.

Ukiwa na simu janja, kamera yake ni msaada mkubwa. Mteja akileta sare ya mfano, itandaze mezani, weka tepu kando yake na ile karatasi ya nambari, kisha upige picha. Utaona marinda ni mangapi na mfuko uko wapi, na sare yenyewe itarudi nyumbani na mtoto. Kila Jumamosi piga picha kurasa za daftari za wiki hiyo. Maji yakimwagika au mtoto akirarua karatasi, bado hesabu unayo.

Tahadhari moja: picha ya nguo ni sawa, lakini picha ya mtoto wa mtu usiitangaze kwa WhatsApp bila ruhusa ya mzazi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inawalinda watoto katika jambo hili.

Pesa za mteja si za mboga

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano. Sketi ni shilingi 700. Kitambaa ni 350, uzi, zipu na kifungo ni 80. Kilichobaki, 270, ndicho malipo ya jasho lako. Kwa hiyo mteja aache angalau 430 kabla ya kukata kitambaa. Akiacha 200 tu, ni wewe unayemkopesha.

Hatari kubwa ni pale pesa hizo 430 zinapoingia kwa simu na kuchanganyika na pesa za unga. Jioni unanunua unga, na kesho hakuna cha kununulia kitambaa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 wengi wetu tumepokea pesa za kazi na za nyumbani kwa mfuko mmoja. Siku hizi kuna Pochi la Biashara, ambayo hutenga pesa za wateja kwa laini ile ile. Uliza ada zake kwanza. Usipoitaka, tenga pesa ya kitambaa siku ile ile inapoingia.

Usifute ujumbe wa malipo kabla ya kuandika msimbo wake kwenye mstari wa mteja. Msimbo huo wenye herufi na tarakimu 10 ndio risiti yako. Ujumbe wa kweli huja kwa jina MPESA, si kwa nambari ya mtu. Hata hivyo angalia salio kabla ya kutoa nguo. Mwisho wa mwezi, piga *334# uombe taarifa ya malipo, ulinganishe na daftari.

Simu ikipotea je?

Ndiyo maana daftari haliachwi. Simu huibiwa, huanguka majini, huisha chaji. Piga *#06#, uandike tarakimu zitakazotokea nyuma ya daftari, kwa maana polisi watazihitaji ukipiga ripoti. Zile picha za Jumamosi mtumie mtu mmoja unayemwamini, dada au mwanakikundi mwenzako. Weka namba ya siri kwenye simu na usimwambie mtu ile ya M-Pesa, hata anayejifanya mfanyakazi wa kampuni. Unapochaji, simu isifunikwe na vitambaa, kwa sababu hupata joto.

Na kununua je?

Hatusemi mtu asinunue kamwe. Jaribu mpango huu msimu mmoja wa sare. Kisha daftari lenyewe litakuambia. Likionyesha umekataa oda kwa sababu mikono haitoshi, mashine ya pili ina maana, na utaweza kumwonyesha mkopeshaji hesabu zako. Likionyesha umechelewa kwa sababu ya kutafuta vitu na kungoja baki, basi bado dawa iko pale mezani.

Wale walio katika vikundi wanaweza kuanza pamoja: kila mmoja aje kwenye mkutano ujao na daftari lake na kile kipande cha katoni chenye alama. Msomeane. Mwenye alama chache awaonyeshe wengine amepangaje chumba chake.