UZI: Ni ufugaji ama ni maabara? Damu ya farasi wa Aisilandi na vita vya neno moja kwenye sheria

Kila mjadala wa siasa ukigusa mifugo, lazima mtu aseme "hiyo ni mali ya mkulima, serikali ikae kando," na mwingine ajibu "lakini sheria iko." Leo nataka tuangalie hiyo "sheria iko". Nitawapeleka mbali, Aisilandi, kwa sababu kesi yao inaonyesha hii kitu waziwazi.

Kwanza biashara yenyewe. Farasi jike akishika mimba, kuanzia siku ya 40 hivi hadi karibu siku ya 120, mwili wake hutengeneza homoni inayoitwa PMSG (wengine huiita eCG). Inakaa kwenye damu. Ikitolewa na kusafishwa, inakuwa dawa ya kudunga nguruwe jike kwenye mashamba makubwa ili wawe tayari kupandwa wakati mmoja na wazae pamoja. Kondoo, mbuzi na ng'ombe pia hudungwa. Kwa hivyo farasi huyu hafugwi kwa sababu ya mbio, wala kubeba mizigo. Anafugwa ashike mimba, kisha atolewe damu.

Mwaka wa 2021 Aisilandi ilikuwa na farasi zaidi ya 5,000 wa aina hii kwenye mashamba zaidi ya 100, na mnunuzi wa damu alikuwa mmoja tu, kampuni ya Ísteka. Tuseme ukweli, hawafungiwi ndani. Wanakula nyasi nje, na wengi hawajazoea kushikwa na mtu. Hapo ndipo shida huanzia. Kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Oktoba, mara moja kwa wiki, wanaingizwa kwenye kizimba chembamba, kichwa kinafungwa kikiwa juu, daktari wa mifugo anapiga ganzi shingoni, halafu sindano nene inaingia kwenye mshipa mkubwa. Zinatoka hadi lita 5. Wiki ijayo tena. Inaweza kufika mara 8.

Piga hesabu: hadi lita 40 kwa msimu mmoja. Binadamu mzima ana kama lita 5 mwili mzima, na ukienda kuchangia damu hapa kwetu unatoa chini ya nusu lita kisha unaambiwa urudi baada ya miezi. Sawa, farasi ni mkubwa kutuliko mara kadhaa, usilinganishe lita kwa lita. Lakini wiki moja ya kupumzika ni wiki moja, na huyu ana mimba. Mara nyingi pia ananyonyesha mtoto aliyezaliwa majira ya kuchipua. Watoto wenyewe, wengi huishia kichinjioni.

Novemba 2021 mashirika ya kutetea wanyama ya Ujerumani na Uswisi yalitoa video ya farasi wakipigwa na kusukumwa ndani ya vizimba hivyo. Nchi ikawaka. Na hapa ndipo utasikia hoja ambazo unazijua vizuri.

"Kwingine ni mbaya zaidi." Ni kweli. Huko Ajentina na Urugwai uchunguzi wa mashirika hayo ulieleza mimba zikiharibiwa makusudi ili jike apandwe tena haraka. Lakini hiyo inatuambia kuhusu Ajentina. Haituambii chochote kuhusu kizimba cha Aisilandi.

"Hii ni riziki ya watu wa mashambani." Hii mimi naichukulia kwa uzito. Mtu wa mjini asiyefuga hata kuku hafai kuicheka. Ila angalia soko: mnunuzi ni mmoja. Mkulima akiona mara 8 ni nyingi, atampelekea nani damu yake? Mara nyingi anayesema anamtetea mkulima hagusi huo upande kabisa.

"Sheria iko." Sasa hii. Mwaka wa 2022 serikali ilitunga kanuni mpya, namba 900, ya kusimamia utoaji damu, na ingedumu miaka mitatu. Ukisikiliza haraka unaona kazi imefanyika. Lakini Aisilandi iko ndani ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na kuna mamlaka ya EFTA inayoangalia kama inafuata sheria za eneo hilo. Mwaka wa 2023 mamlaka hiyo ikasema: mmetumia sheria isiyo yake. Jambo hili linaingia chini ya sheria ya wanyama wanaotumika kwa shughuli za kisayansi. Serikali ikaifuta kanuni yake yenyewe, na biashara ikahamishiwa chini ya kanuni ya mwaka wa 2017.

Utauliza, si ni karatasi tu? Hapana jameni. Ukiita kitu ufugaji, kinaruhusiwa mpaka mtu athibitishe ukatili, na ndiyo maana ilibidi watu wakapige video. Ukikiita shughuli ya kisayansi, lazima uombe kibali kwanza, na mnyama hafai kutumika kama kuna njia nyingine ya kupata matokeo yale yale. Na homoni za kutengenezwa bila damu ya farasi zipo tayari. Bunge la Ulaya lilikuwa limeshataka, Oktoba 2021, uzalishaji na uingizaji wa PMSG ukomeshwe, ingawa azimio lake halikuwa sheria. Farasi ni yule yule, sindano ni ile ile. Kilichobadilika ni nani ana mzigo wa kuthibitisha.

Sisi tuliyaona haya na punda. Akiwa kwenye orodha ya wanyama wa nyama, vichinjio vilifunguliwa kuanzia 2016 na ngozi zikaenda China, huku watu wanaobeba maji kwa punda wakiibiwa usiku. Mwaka wa 2020 serikali ikapiga marufuku. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitupa marufuku hiyo. Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi kwa miaka 15. Tulibishana sana kuhusu nani anapenda punda, na wachache walienda kusoma orodha.

Aisilandi miswada ya kupiga marufuku kabisa imeshapelekwa bungeni zaidi ya mara moja bila kupita, kwa hivyo kelele bado ziko. Maswali weka hapo chini, na kama kawaida ya huu uzi, usitaje mheshimiwa yeyote wala chama.