Bustani, Ua na Shamba: Msamiati wa Kiingereza wa Bustani kwa Wanafunzi wa Ngara

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza tatizo la kufundisha msamiati wa Kiingereza unaohusu bustani na utunzaji wa mazingira ya nyumba kwa wanafunzi wa Nyamiaga na sehemu nyingine za wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Wilaya hii imepakana na Burundi na Rwanda, na wenyeji wake wengi ni Wahangaza na Washubi. Kwa mujibu wa uainishaji wa Guthrie, Kishubi na Kihangaza vimo katika kundi la D60, pamoja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Mtoto wa Ngara hukutana na Kiswahili kama lugha ya kufundishia katika shule ya msingi, kisha akaingia sekondari ambako masomo mengi hutolewa kwa Kiingereza. Kwa hiyo neno la Kiingereza humfikia likiwa limepita katika vichujio viwili. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya yale yanayoitwa makosa ya mwanafunzi hutokana na vichujio hivyo, na kwamba orodha ya maneno na tafsiri zake haitoshi kuyaondoa.

2.0 Mipaka ya maana

2.1 Shamba na bustani

Neno la Kiswahili shamba linataja ardhi iliyolimwa. Katika Kirundi, ishamba ni msitu au pori, na ndivyo ilivyo ishyamba ya Kinyarwanda. Ardhi iliyolimwa huitwa umurima. Maneno haya yanafanana kwa sauti lakini yanaelekea kupingana kimaana: moja ni mahali palipofyekwa, jingine ni mahali ambapo jembe halijafika. Kwa kuwa Kihangaza ni cha kundi hilohilo, mwalimu hana budi kuwauliza wanafunzi wake wanachokielewa kabla ya kutumia shamba kama daraja la kuwafikisha kwenye Kiingereza.

Bustani nayo ina historia tofauti. Asili yake ni Kiajemi, ambako lilimaanisha mahali penye harufu nzuri, na lilitufikia kwa njia ya Kiarabu. Kinyarwanda kimelichukua kwa umbo la ubusitani, silabi ya kwanza ikichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli. Katika Kiswahili, bustani hubeba mboga, maua, miti ya kivuli na hata wanyama, kwani twasema bustani ya wanyama. Kiingereza huyagawa haya: 'garden' ni ya nyumbani, 'park' ni ya umma, na 'zoo' ni ya wanyama.

Mwanafunzi akiandika kwamba baba yake ana 'garden' ya migomba, mtahini aliyezoea Kiingereza cha Uingereza ataona kosa. Hata hivyo, katika Kiingereza cha Uganda, nchi inayopakana na mkoa huu wa Kagera, 'garden' ndilo neno la kawaida la shamba la mazao. Huko Marekani, eneo la nyasi linaloizunguka nyumba huitwa 'yard', ilhali kwa Mwingereza 'yard' ni uwanja uliosakafiwa. Ikiwa wazungumzaji asilia wenyewe wanatofautiana hivi, yafaa swali la mtahini liwe: Kiingereza cha wapi?

2.2 Ua

Kiswahili kina maneno mawili yenye umbo la ua. Moja, ambalo wingi wake ni maua, ni sehemu ya mmea inayochanua. La pili, ambalo wingi wake ni nyua, ni kizuizi na vilevile nafasi iliyozungukwa na kizuizi hicho. Katika Kinyarwanda na Kirundi, urugo ni uzio, na pia ni kaya yenyewe. Katika lugha zote hizi, kinachozunguka kimekipa jina kinachozungukwa.

Jambo hili halikosi mfano Ulaya. Neno la Kijerumani lenye maana ya uzio, 'Zaun', ni ndugu wa 'town' ya Kiingereza na 'tuin' ya Kiholanzi, yaani bustani. 'Garden' na 'yard' nazo zina shina la kale lililomaanisha mahali palipozungushiwa. Hata Firdausi ya Kiswahili na 'paradise' ya Kiingereza zina chimbuko moja katika lugha za kale za Uajemi, lenye maana ya mahali palipozungushiwa ukuta. Mwanafunzi anayeelezwa hivi hupata kamba ya kuyafungia maneno yaliyotawanyika.

Tofauti inabaki katika vifaa. Kiingereza hutenga 'hedge', ambao ni uzio wa mimea hai kama michongoma au minyaa, na 'fence', ambao ni wa nguzo, mbao au waya. Kiswahili sharti kiongeze maelezo: ua wa minyaa, uzio wa waya.

3.0 Neno lisilo na kitu chake

Tatizo gumu zaidi ni la 'lawn'. Tafsiri ya nyasi au majani haitoshi. Katika vijiji vingi vyetu, kiwanja cha nyumba kinachosifiwa ni kile kilichofagiliwa udongo ukabaki mtupu. Nyasi karibu na mlango ni dalili ya uzembe na maficho ya nyoka. Shuleni nako, nyasi ni za kufyekwa, na mara nyingine kufyeka ni adhabu. Kwa hiyo sentensi inayomsifu mtu kwa kumwagilia nyasi maji huwa kitendawili. Hapa mwalimu aeleze desturi kwanza, kisha neno. Tafsiri ya maelezo, kama vile uwanja wa ukoka uliopandwa na kukatwa mfupi, ni bora kuliko neno moja linalopotosha.

4.0 Vitenzi

Kiingereza hugeuza nomino kuwa kitenzi bila kubadili umbo: 'water' ni maji na pia kumwagilia, 'weed' ni gugu na pia kupalilia. Hili la pili huwatatiza wengi, kwani kitenzi kinamaanisha kuondoa kile ambacho nomino inakitaja. Kiswahili hutumia unyambulishaji: kutoka mwaga twapata mwagilia, kutoka panda twapata pandikiza. Ni vyema basi vitenzi hivi vifundishwe katika sentensi kamili, si katika safu mbili za ubaoni.

5.0 Hitimisho

Mkopo wa maneno si wa upande mmoja. 'Shamba' limo katika kamusi za Kiingereza, na wataalamu wa hifadhi ya udongo duniani huita 'fanya juu' matuta ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro, kama ilivyozoeleka Machakos, nchini Kenya. Mwanafunzi wa Ngara, anayeishi katika nchi ya vilima, anastahili kujua kwamba lugha anayojifunza imekopa kwake pia. Tunapendekeza mambo matatu: mwalimu aanze na mazingira ya kijiji, lugha ya nyumbani ihesabiwe kuwa nyenzo ya kufundishia, na watunzi wa mitihani wabainishe aina ya Kiingereza wanayoipima. Bila hayo, mtoto wa mkulima ataendelea kupoteza alama katika somo la kitu anachokijua kuliko mtahini wake.